Asiyejua Maana Aambiwe: Mwanasheria wa Serikali, Mtafiti wa Teknolojia na Nafasi ya Kiswahili

Wahenga walisema kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Katika baraza la washairi methali hiyo ina utamu wake, kwani humchochea msikilizaji akune kichwa. Katika vijiji vya Meru na Embu, hata hivyo, methali hiyo imegeuka kuwa kanuni ya utawala. Mwananchi hupewa fomu asiyoielewa, akaombwa alama ya kidole, picha ya uso na nambari ya simu, na kwa kuwa hajui maana, haambiwi. Makala haya yanawahusu watu ambao kazi yao ni kuliambia taifa maana ya mambo hayo: wanasheria walioanzia katika ofisi za umma wakaingia katika utafiti wa sera za teknolojia. Hoja yangu ni moja tu. Safari ya kitaaluma ya watu hawa ni ya kusifiwa, lakini haitamfaa mkulima wa Tigania wala mama wa Runyenjes mpaka ipitie katika Kiswahili; na anayefaa kuipitisha huko ni mwanafunzi wa Kiswahili.

Naomba nianze kwa kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa likizoni nyumbani, katika kijiji kilicho karibu na barabara itokayo Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru. Nilimsindikiza nyanya yangu kwenye shughuli fulani ya usajili ambayo sitaitaja jina. Karani alikuwa kijana mpole, mwenye kifaa kidogo cha kielektroniki na karatasi zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Nyanya alipotakiwa kuweka kidole juu ya kioo cha kifaa hicho, alinigeukia akauliza, "Mjukuu wangu, kidole changu kinaenda wapi?"

Nilimtazama karani, naye akanitazama. "Kinaenda kwenye sistimu, shosho," akasema.

Nyanya aliweka kidole. Jioni, tulipokuwa tukiota moto, aliniuliza tena, "Na hiyo sistimu ni ya nani?" Wakati huo nilikuwa mwaka wa 3 wa shahada yangu. Ningeweza kukichanganua kitenzi "kinaenda" mofimu baada ya mofimu na kueleza upatanisho wake wa kisarufi, lakini swali la nyanya lilinishinda. Nilinyamaza, nikachochea kuni.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba nyanya, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alikuwa ameuliza swali la kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyotiwa sahihi tarehe 8 Novemba mwaka huo, inasema katika kifungu cha 29 kwamba mtu anayechukuliwa data yake aelezwe, kabla ya kuchukuliwa, kwamba data inakusanywa, inakusanywa kwa madhumuni gani na itapelekwa kwa nani. Kidole kinaenda wapi, na sistimu ni ya nani? Maswali hayo mawili ndiyo roho ya kifungu hicho. Nyanya hakukosa akili wala haki. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, kwa lugha anayoijua, kwamba ana haki ya kuuliza na kujibiwa.

Tugeuke sasa kwa hao wanaotunga, kutetea na kuchunguza sheria za aina hii. Kwa mujibu wa kifungu cha 156 cha Katiba ya mwaka 2010, Mwanasheria Mkuu ndiye mshauri mkuu wa serikali katika masuala ya sheria, naye huiwakilisha serikali ya kitaifa mahakamani. Wakili anayefanya kazi chini yake ana mteja mmoja, nayo ni serikali. Akiletewa mpango wa teknolojia ambao wizara imeshauamua, kazi yake ni kuuvika vazi la sheria, na ukishtakiwa, kuutetea. Anaweza kuwa na shaka moyoni, lakini shaka haiandikwi katika hati ya utetezi. Simlaumu, kwa maana hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na nchi bila mawakili wa aina hiyo haiwezi kwenda.

Mtafiti wa sera za teknolojia ana utiifu wa namna nyingine. Yeye hulitumikia swali. Huuliza chombo hiki kinafanya nini, kinamfanyia nani, na nani atabeba gharama kikikosea. Aliyepitia serikalini ana faida ambayo mtafiti wa kawaida hana: anajua jinsi serikali inavyosoma maneno. Anajua kwamba vita vyote vya sheria vinaweza kushindwa au kupotezwa katika kifungu cha 2, pale penye fasili za istilahi, ambapo msomaji wa kawaida hupita haraka akitafuta adhabu na faini.

Mifano ya safari hii ipo. Nchini Marekani, Paul Ohm alisomea sayansi ya tarakilishi kabla ya kuwa mwanasheria, akafanya kazi katika Wizara ya Haki kwenye kitengo cha uhalifu wa tarakilishi, kisha akaingia chuo kikuu. Mwaka 2010 alichapisha makala mashuhuri yaliyoeleza kwamba data iliyoondolewa majina ya watu inaweza kuunganishwa na data nyingine hata wenyewe wakatambulika. Serikali na kampuni nyingi zilikuwa zimejikinga kwa neno moja tu, kwamba data hiyo "haina majina". Mwanasheria aliyejua mitambo aliweza kuonyesha udhaifu wa neno hilo.

Hapa nyumbani, mfano ulio karibu zaidi ni wa Michael Murungi. Alikuwa Mhariri na Afisa Mkuu Mtendaji wa Baraza la Taifa la Ripoti za Sheria, taasisi ya umma iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Kenya Law. Kupitia tovuti ya baraza hilo, hukumu na sheria za nchi ambazo zamani zilifungiwa katika maktaba za mawakili zimekuwa zikisomwa na yeyote bila malipo. Mwaka 2011 Murungi alichapisha kitabu kiitwacho Cyber Law in Kenya, wakati ambapo Kenya haikuwa bado na sheria ya ulinzi wa data. Baadaye alijiunga na kampuni ya Google, akashughulikia masuala ya sera. Mtu anaweza kuwa na maoni tofauti kuhusu kutoka katika ofisi ya umma na kuingia katika kampuni kubwa, na mjadala huo una haki yake. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba njia hii ipo, na imepitwa na Mkenya.

Kwa nini njia hii ni muhimu? Tuangalie habari za Huduma Namba. Mwaka 2019, kuanzia Aprili hadi Mei, Wakenya walipanga foleni nchi nzima, Meru na Embu zikiwemo, ili wasajiliwe. Wakati huo hatukuwa na sheria ya ulinzi wa data. Ilikuja miezi kadhaa baadaye. Kesi ilipofika Mahakama Kuu, majaji walisikiliza ushahidi wa wataalamu wa teknolojia, akiwemo mmoja kutoka India, nchi iliyokwisha kuwa na mfumo mkubwa wa vitambulisho vya kidijitali. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu waliamua kwamba kukusanya chembechembe za DNA na kubainisha mahali mtu anapoishi kwa mitambo ya setilaiti kulikiuka Katiba, na kwamba mpango huo ungeweza kuendelea tu baada ya kuwekewa kanuni za kutosha. Tarehe 14 Oktoba 2021 mahakama ilibatilisha uamuzi wa kutoa kadi za Huduma kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, inayotakiwa na kifungu cha 31, haikuwa imefanywa. Mwaka 2023 serikali ikaja na mpango wa Maisha Namba.

Katika kesi hizo, mawakili wa pande zote walifanya kazi yao. Lakini ukizisoma hukumu utaona kwamba mizani ilitegemea sana maarifa ya watu wanaoelewa sheria na mitambo kwa pamoja. Huko ndiko mtafiti wa sera za teknolojia anakohitajika. Ni huko huko pia ninakoona pengo, kwani kila kitu, kuanzia mswada, ushahidi hadi hukumu, kilikuwa kwa Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, katika kifungu cha 86, imeweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, huku mahakama za chini zikiruhusiwa kutumia Kiingereza na Kiswahili. Kwa hivyo, mwananchi wa Embu aliyepanga foleni alishtakiwa kwa niaba yake, akatetewa kwa niaba yake, akashinda na kushindwa kwa niaba yake, asijue.

Msomaji anaweza kuuliza, je, si tafsiri tu inayotakiwa? Amwite mfasiri, alipe kwa ukurasa, basi. Jambo haliko hivyo, na hapa naomba nizungumze na wanafunzi wenzangu wa Kiswahili kwa lugha ya taaluma yetu.

Tuchukue istilahi mbili. Ya kwanza ni ile ya mtu kukubali data yake itumiwe. Nchini Kenya wengi husema "idhini". Tanzania, katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wanasema "ridhaa". Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu na yote ni Kiswahili fasaha, lakini hayalingani. Idhini ni ruhusa: mwanafunzi huomba idhini ya kutoka darasani, mjenzi huomba idhini ya kujenga. Ridhaa ina undugu na neno radhi, nayo hutazama hali ya moyo. Mtu anaweza kutoa idhini huku moyo wake ukikataa, lakini hawezi kutoa ridhaa kwa namna hiyo. Mwenzangu mmoja amenipinga akisema kuwa idhini ni bora, kwa maana humfanya mwananchi kuwa mwenye mamlaka, na serikali kuwa mwombaji. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Hata hivyo, sheria yetu ya 2019 inadai kwamba kukubali huko kuwe kwa hiari, kwa uwazi, kwa jambo mahususi na baada ya kuelezwa. Sifa hizo ni za ridhaa.

Tofauti hii si ya kamusi peke yake. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 maelfu ya watu walifurika katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi ili mboni zao zipigwe picha na mtambo wa mradi wa Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali zilizokadiriwa kuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo tarehe 2 Agosti. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ya kibayometriki ifutwe katika muda wa siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na moja ya sababu ilikuwa kwamba makubaliano yaliyopatikana kwa kushawishi watu kwa malipo hayakuwa halali. Kwa Kiswahili, tungesema hivi: watu wale walitoa idhini, lakini ridhaa haikuwepo. Sentensi hiyo moja ingeweza kueleweka sokoni Gakoromone na sokoni Embu bila wakili. Nani ameiandika?

Istilahi ya pili ni jina la yule anayeamua data ikusanywe kwa nini na itumiweje. Tanzania humwita "mkusanyaji", na anayeishughulikia kwa niaba yake humwita "mchakataji". Hapa kwetu wengi husema "mdhibiti wa data". Ninaona kasoro katika pande zote mbili. Mwanakijiji akisikia "mkusanyaji" atamfikiria yule karani kijana mwenye kifaa mkononi, ilhali mwenye dhima ni ofisi iliyomtuma. Akikosewa atamfuata karani, na karani hana la kumfanyia. Kwa upande mwingine, akisikia "mdhibiti" atafikiria mlinzi, kama vile Mdhibiti wa Bajeti, yaani mtu wa kuwazuia wengine wasivuruge. Kumbe huyo mdhibiti ndiye anayepaswa kuzuiwa! Binafsi ningependekeza "mwenye dhamana ya data", kwa sababu jina hilo humbebesha mzigo wake hadharani. Huenda nimekosea, na nitafurahi kusahihishwa katika kurasa hizi. Lakini msomaji ataona kwamba hili ni suala la sera wala si la mapambo. Neno likikosewa, mwananchi hupeleka malalamiko yake kwenye mlango usio wake.

Wapo watakaosema kuwa Kiswahili hakijawa tayari kubeba sheria za teknolojia. Hoja hii ni kongwe na imeshajibiwa kwa vitendo. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki, na mwaka uliofuata ikapata sheria ya taarifa binafsi inayosomeka kwa Kiswahili. Nimeshaikosoa istilahi yake moja, lakini ukosoaji huo wenyewe unawezekana kwa sababu kuna matini ya kukosoa. Sisi Kenya tuna kifungu cha 7 cha Katiba kinachokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini tumekiacha kifungu hicho kama ngoma iliyotundikwa ukutani.

Kinachonipa matumaini ni kwamba Meru na Embu zina mahali pa kuanzia. Nchiru, katika Tigania, kuna makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo kwa muda mrefu limeamua mambo ya ardhi, ndoa na amani miongoni mwa Ameru. Katika Nchiru hiyo hiyo kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati mwaka 2013. Ukifuata barabara kuelekea kusini utafika Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mwaka 2016. Silitukuzi baraza la wazee kupita kiasi, kwa maana wanawake hawakupewa nafasi humo. Lakini lilikuwa na jambo moja ambalo sheria zetu za kidijitali zimelikosa: aliyehukumiwa aliielewa lugha ya hukumu yake. Leo mambo yanakwenda kinyume. Tangu mwaka 2024 mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki umeenezwa katika mahakama za nchi nzima, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Meru. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo, mkulima mwenye kesi ya mpaka wa shamba sasa anahitaji tarakilishi, intaneti na Kiingereza kabla hajamwona hakimu.

Je, tufanye nini? Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili tuache kudhani kwamba mlango wetu wa ajira ni ualimu na utangazaji peke yake. Taasisi za utafiti wa sera zinahitaji watu wanaoweza kuchunguza fasili, kuunda istilahi na kuzijaribu kwa watumiaji wenyewe. Kazi hiyo haihitaji mtu awe wakili kwanza. Inahitaji awe tayari kusoma sheria kwa makini yale yale tunayoyatumia kusoma tenzi. Pili, tasnifu zetu ziingie katika uwanja huu. Tumeandika vya kutosha kuhusu dhamira katika riwaya zile zile. Ni nani ameenda Maua au Siakago kuwauliza watu wanaelewa nini wanaposikia "data", "faragha" au "akili unde"? Neno hilo la mwisho lina washindani wawili, "akili bandia" na "akili mnemba", na serikali yetu ilizindua mkakati wa kitaifa wa teknolojia hiyo mwezi wa Machi mwaka 2025 kabla hatujakubaliana tuiiteje. Tatu, idara za Kiswahili, sheria na sayansi ya tarakilishi ziketi pamoja. Mwanasheria alete kifungu, mwanasayansi aeleze mtambo, nasi tuulize: mwananchi ataambiwaje?

Kwa wanasheria walioko serikalini wanaofikiria kuhamia katika utafiti huu, nina ombi moja. Mnapotoka huko na maarifa ya jinsi dola inavyosoma maneno, msiyapeleke katika semina za hoteli za Nairobi peke yake. Yaleteni huku, nasi tutayatafutia lugha.

Mwaka jana nilirudi kwa nyanya nikiwa na jibu. Nilimweleza kwamba kidole chake ni data, kwamba data hiyo ina mwenye dhamana, na kwamba sheria inampa haki ya kuuliza inatumiwaje na kutaka irekebishwe ikiwa na makosa. Ilinichukua kama robo saa, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiembu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo siku ile yule kijana alipaswa kuniambia haya yote?"

Nikamjibu, "Ndiyo, nyanya."

"Na wewe ulikuwa umesimama hapo."

Sikuwa na la kujibu. Lakini tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Asiyejua maana ndiye hasa wa kuambiwa, na wenye kazi hiyo ni sisi.